PSP na emuleta zake: kuchagua, kupakia na kulinda sevu

PSP (PlayStation Portable), kiweko cha mkononi cha Sony, ilitoka Japani Desemba 2004, na hadi leo ni mashine nzuri sana ya mkononi kwa gemu za zamani. Ina prosesa ya MIPS inayofika 333 MHz na kioo cha pikseli 480 kwa 272. Kinachowakwamisha wengi ni kutafuta emuleta (programu inayoiga kiweko kingine) moja ya kucheza kila kitu. RetroArch ya PSP ipo, lakini kwenye mashine yenye kumbukumbu ndogo kiasi hiki, emuleta iliyoandikwa kwa ajili ya PSP na kwa kiweko kimoja tu huishinda karibu kila mara. Kwa hiyo utapakia emuleta kadhaa, kila moja na kazi yake.

Hatua ya 1: Ijue PSP uliyonayo

Toa betri, ikiwa yako inatoka, usome lebo. PSP-1000 ina RAM ya MB 32, na kati ya hizo MB 8 ni za mfumo wenyewe. PSP-2000, 3000, Go na E1000 zina MB 64. Tofauti hii utaiona kwenye gemu kubwa za Game Boy Advance (GBA), kama nitakavyoeleza.

Ukiwa umeshika betri, ilaze juu ya meza iliyonyooka. Ikiyumba au ikizunguka kama pia, imevimba. Usiichaji tena, usiibonyeze, tafuta nyingine. Betri za PSP nyingi za mtumba zina umri wa zaidi ya miaka 10, na dalili ya kwanza ni kifuniko cha nyuma kuanza kunyanyuka chenyewe.

Hatua ya 2: Famwea

Famwea ni programu ya ndani inayoendesha mashine. Nenda “Settings”, kisha “System Settings”, kisha “System Information”, uangalie namba. Unataka 6.60 au 6.61. Ikiwa chini ya hapo, pakua famwea rasmi ya 6.61, iweke kwenye memori kadi kama PSP/GAME/UPDATE/EBOOT.PBP, chomeka chaja, uiendeshe kutoka menyu ya gemu. Usiguse swichi ya umeme mpaka imalize.

Famwea rasmi hukataa programu zisizotoka kwa Sony, kwa hiyo unahitaji famwea maalumu. ARK-4 inafaa kwa 6.60 na 6.61. Folda ya ARK_01234 inaingia PSP/SAVEDATA, na ARK_Loader inaingia PSP/GAME. Endesha ARK Loader, basi.

Hapa pana jambo linalowatisha watu bure. Jana emuleta zilifanya kazi, leo zote zinaleta kosa 80020148. Hakuna kilichoharibika. Ikiwa hukuifanya ARK iwe ya kudumu, inapotea kila unapozima mashine kabisa, na PSP inarudi kwenye famwea rasmi. Endesha ARK Loader tena. Kusukuma swichi ya umeme mara moja kunailaza mashine tu na ARK inabaki. Ukiishikilia sekunde chache ndipo inazima kabisa.

Hatua ya 3: Memori kadi

Adapta ya microSD kwenda Memory Stick PRO Duo inatosha, isipokuwa PSP Go, ambayo ina kumbukumbu ya ndani na nafasi ya kadi ya M2. Kadi ya microSD ya GB 64 na kuendelea huja na mfumo wa exFAT, ambao PSP haiusomi. Iweke ndani ya PSP na uiformati huko huko kwenye “System Settings”, itakuwa FAT32. Kuformati kunafuta kila kitu, kwa hiyo nakili vilivyomo kwanza.

Kabla ya kupakia chochote, ipime kadi kwenye kompyuta kwa H2testw, au F3 ukitumia Linux au Mac. Kadi bandia inayojidai GB 64 huku ina 8 haitakuambia kitu hadi ijae, kisha itaanza kula sevu zako (rekodi za ulipofika kwenye gemu) kimyakimya. Kipimo kinachukua muda mrefu lakini kinafaa.

Hatua ya 4: Kuchagua emuleta

Kwa Game Boy Advance, chagua gpSP au mojawapo ya matoleo yaliyozaliwa nayo, kama gpSP Kai na TempGBA. Siri ya kasi yake ni kwamba haisomi maagizo ya ARM, prosesa ya GBA, moja baada ya jingine. Inayatafsiri kwa mafungu kuwa maagizo ya MIPS, inayahifadhi, kisha inayatumia tena. Anza na gpSP. Gemu moja ikigoma, ijaribu kwenye TempGBA kabla ya kulaumu faili.

Super Nintendo (SNES): Snes9xTYL, na uchukue toleo la ME. PSP ina prosesa ya pili, Media Engine, na toleo hilo huipa kazi ya sauti ili prosesa kuu ipumue. Hata hivyo gemu zenye chipu ya Super FX, kama Star Fox na Yoshi’s Island, zitakuwa nzito. Hakuna mpangilio utakaoziponya.

Mega Drive ni PicoDrive, na inakwenda vizuri. NES ni NesterJ. Game Boy ya kawaida, Game Boy Color, Master System na Game Gear zote zinachezwa na MasterBoy.

Nintendo 64 ni habari nyingine. DaedalusX64 inaifungua Super Mario 64 na unaweza kuicheza kwa kuvumilia fremu zinazorukwa, lakini gemu nyingi zitajikokota. Usinunue PSP kwa ajili ya N64. Nintendo DS usiijaribu kabisa.

PlayStation ya kwanza haihitaji emuleta ya kupakua, kwa sababu Sony wenyewe waliiweka ndani ya famwea. Inaitwa POPS, na hatua ya 8 inahusu hiyo.

Hatua ya 5: Kupakia gpSP

Chomeka PSP kwa waya wa USB, chagua “USB Connection”, kisha panga hivi:

PSP/GAME/gpSP/EBOOT.PBP
PSP/GAME/gpSP/gba_bios.bin
PSP/GAME/gpSP/game_config.txt
PSP/GAME/gpSP/roms/

EBOOT.PBP lazima iwe ndani ya folda moja tu chini ya GAME. Ukikunjua zip ikakuletea folda ndani ya folda, PSP haitaiona. Ukitumia Mac, faili zilizofichwa zinazoanza na “._” ndizo hujitokeza kwenye menyu kama “Corrupted Data”. Zifute, hazina madhara.

gba_bios.bin, yaani BIOS au programu ya kuwashia ya GBA, ina ukubwa wa baiti 16,384 kamili. Ikizidi au ikipungua, siyo yenyewe. BIOS hiyo na gemu zina hakimiliki, kwa hiyo toa nakala kutoka vitu unavyomiliki. Kifaa kama GBxCart RW kinasoma katriji za Game Boy na GBA kupitia USB. Kuna pia gemu za bure zilizotengenezwa na mashabiki, nzuri kwa kujaribia.

Toa romu (faili la gemu) kwenye zip kabla ya kuipakia. Romu ya GBA inaweza kufika MB 32, na PSP-1000 haina nafasi ya kuibeba yote, hivyo gpSP huisoma vipandevipande kutoka kwenye kadi. Ndiyo maana unapoingia eneo jipya la gemu mashine inasita kidogo huku taa ya kadi ikimetameta. Kwenye PSP-1000 hiyo ni hali ya kawaida.

game_config.txt usiiache nyuma. Inaiambia gpSP tabia za kila gemu. Mfano ulio wazi ni Pokémon Emerald: bila maelezo sahihi, gemu inalalamika kwamba “1M sub-circuit board” haipo na inakataa kusevu. Sababu ni kwamba emuleta imeipa kumbukumbu ya KB 64 badala ya 128. Fungua faili hilo kwa programu ya maandishi ya kawaida, tafuta sehemu yenye BPEE, ambayo ni kodi (msimbo) ya toleo la Marekani, na uhakikishe kuna mstari huu:

flash_rom_type = 128KB

Romu zilizobadilishwa na mashabiki hupata tatizo hili mara nyingi, kwa sababu jina au kodi ya ndani imebadilishwa na faili haiitambui tena. Nakili sehemu nzima ya Emerald, ibandike chini, kisha weka jina na kodi ya romu yako.

Hatua ya 6: Picha na kasi

GBA ina pikseli 240 kwa 160. Ukichagua “scaled 3:2”, picha inakuzwa mara 1.7 na kuwa 408 kwa 272: inajaza urefu wa kioo na kuacha pikseli 36 nyeusi kila upande. Chagua hiyo. “Fullscreen” inazivuta sura za watu zikawa pana, na utaichoka.

Prosesa iweke 333 MHz kwa GBA na SNES. Kwa Game Boy na NES, 222 inatosha na betri itadumu zaidi. Kuruka fremu kuache “auto”. Gemu ikikwamakwama, rekebisha kitu kimoja kwa wakati: kwanza kasi ya prosesa, kisha kichujio cha picha, na mwisho sauti.

Hatua ya 7: Sevu

Hapa ndipo watu hupoteza saa 40 za safari, na wanastahili kuonywa vizuri. Kuna sevu mbili. Moja ni ya gemu yenyewe, faili la .sav. Nyingine ni picha ya kumbukumbu yote ambayo emuleta huipiga, yaani “save state”. Ya kwanza inahamishika: .sav ya Emerald ina baiti 131,072 na utaifungua kwenye mGBA, emuleta ya kompyuta, mradi jina lake lifanane na la romu. Ya pili imefungwa kwa emuleta ile ile, mara nyingine hata toleo lile lile.

Kwenye menyu ya gpSP tafuta “Update backup”. Ikiwa “exit only”, .sav inaandikwa kwenye kadi pale tu unapotoka kupitia menyu ya gpSP. Ukitoka kwa kitufe cha HOME, haiandikwi. Umesevu ndani ya gemu, umeona ujumbe kwamba imesevu, na bado kadi haina kitu. Weka “automatic”. Hata hivyo, baada ya kusevu subiri taa ya rangi ya chungwa pembeni ya PSP itulie ndipo uzime.

Jihadhari pia na kufungua “save state” ya zamani: inarudisha hali ya siku ile, na ukisevu ndani ya gemu baada ya hapo, .sav mpya inafunikwa. Tumia “save state” kabla ya pambano gumu, siyo kama hifadhi yako kuu.

Hatua ya 8: PlayStation ya kwanza

Toa nakala ya diski yako kuwa BIN na CUE, kisha ibadilishe kuwa EBOOT.PBP kwa PSX2PSP kwenye kompyuta. Kila gemu iwe na folda yake chini ya PSP/GAME na kitambulisho chake sahihi, kile kilichochapwa kwenye diski. Gemu mbili zenye kitambulisho kimoja zitatumia memori kadi moja, SCEVMC0.VMP, ndani ya PSP/SAVEDATA. Gemu ya diski nyingi zifunge zote kwenye EBOOT moja ili ubadilishe diski bila kupoteza sevu.

PSP haina L2 na R2. Bonyeza HOME ukiwa ndani ya gemu, ingia kwenye mipangilio ya vidhibiti, na uvipe L2 na R2 nafasi kwenye kijiti cha analogi.