Kurudi Orvieto kuwatafuta wenyeji wako wa zamani

Kama uliwahi kukaa na familia pale Orvieto, Italia, na unataka kurudi, usikimbilie tiketi, watafute kwanza. Namba niliyokuwa nayo ilishakufa, nikatuma barua ya karatasi kwa adresi ileile na picha yetu tukikata vitunguu jikoni, wiki tatu baadaye binti yao akanipata WhatsApp, nonna, yaani nyanya yao, nyuma anapiga kelele jina langu.

Waombe barua ya mwaliko ya kuambatanisha na maombi ya viza ya Schengen. Mwisho ni siku 15 kabla ya safari lakini wee, hapa Nairobi anza miezi kabla. Bima ya matibabu ya safari isipungue euro 30,000. Beba majani chai na kiondo, vitu vya nyama na maziwa hawaruhusu kuingiza, kwa hivyo mursik iache home.

Kutoka Roma Termini panda treni, saa moja na kitu hivi, halafu funikula, kijitreni cha kuvutwa na kamba, inakupandisha mpaka juu ya mwamba. Mlangoni sema "permesso", ndiyo hodi yao. Na pasta ikija usijishibishe, nyama bado iko jikoni.