Kuonyesha protini zinavyofikisha vifuko vya seli, kwa kamba 4

Kwa Kidato cha Tano hapa Dar, anza na daladala: kibao kilichoandikwa Kariakoo ni protini ya Rab, kinatambulisha kifuko kinakokwenda. Kushusha mzigo ni kazi ya SNARE, protini zinazovuta kifuko (kimfuko kinachobeba mizigo ndani ya seli) hadi kiungane na utando; kamba zetu 4 ndizo hizo.

Funga kamba 1 ya katani, sentimita 30, kwenye puto dogo (kifuko). 3 kwenye puto kubwa (utando wa seli). Zisokote pamoja kuanzia ncha huru kuelekea maputo, hadi yagusane. Wengi huanzia kwenye vifundo, na hakuna kinachovutwa! Kwenye neva, 2 kati ya zile 3 ni za protini moja, SNAP-25; sumu ya botulini aina A huikata, kifuko kikashindwa kumwaga ujumbe wa neva, msuli ukalegea. Mwisho fumua msokoto: ndiyo kazi ya protini nyingine, NSF, kwa nishati ya ATP.