Faini ya gari la kukodi Italia imekufuata mpaka nyumbani: anza hapa

Ujumbe wa benki ndio ulionishtua. Kampuni niliyokodi gari kwake ilikuwa imekata euro 48 kwenye kadi yangu, kisha euro 48 nyingine. Tulikuwa tumesharudi Hamburg, wiki sita zimepita. Nikadhani wamekosea, wamekata mara mbili, nikawaandikia barua pepe ya ukali ambayo leo naionea aibu. Miezi mitano baadaye tarishi akaleta bahasha mbili kutoka Florence. Kumbe zile 48 hazikuwa faini. Zilikuwa ujira wa kampuni kwa kuwapa polisi jina na anwani yangu, na zilikatwa mara mbili kwa sababu makosa yalikuwa mawili. Faini zenyewe ndiyo kwanza zilikuwa zinapiga hodi.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa natafuta hoteli, nikapita kwenye kamera, nikazunguka mtaa, nikapita kwenye kamera nyingine. Miji mingi ya Italia imefunga katikati yake kwa magari yasiyo na kibali. Eneo hilo huitwa ZTL, na kila mlango una kamera inayosoma namba ya gari. Hakuna askari wa kukusimamisha wala kizuizi cha kuinuka. Unapita raha mustarehe.

Kibaya zaidi ni lile bao la taa lililopo mlangoni. Likiandika «varco attivo», mgeni anasoma «attivo» anaona mambo safi, mlango unafanya kazi, ingia. Maana yake ni kinyume: kamera iko kazini, usiingie. Likiandika «varco non attivo» ndipo unaruhusiwa. Mke wangu aliliona na akaniuliza. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa.

Hatua ya 1. Tenganisha fedha mbili. Makato ya kampuni ni jambo lako na kampuni, na karibu kila mkataba una kipengele chake. Kuyalipa hakupunguzi faini hata senti. Ila yana faida moja: yanakupa taarifa mapema. Ukiona makato, jua barua iko njiani, na hesabu yamekatwa mara ngapi. Kama umehama nyumba, mwambie jirani au posta sasa hivi.

Hatua ya 2. Andika tarehe ya kupokea juu ya bahasha. Kabla ya kufungua, kabla ya kulalamika. Siku zote zinahesabiwa kuanzia hapo. Faini ya kuingia ZTL inaanzia euro 83. Ukilipa ndani ya siku 5 unapunguziwa asilimia 30, inakuwa euro 58.10. Kuanzia siku ya 6 hadi ya 60 unalipa 83 kamili. Ikipita siku ya 60, inaruka hadi 166, yaani nusu ya kiwango cha juu kabisa cha kosa hilo. Juu ya kila kiasi kuna gharama za kutuma hati. Na ukizidi kukaa kimya, kila miezi sita asilimia 10 inaongezeka.

Mimi nililipa siku ya tatu. Kwa bahasha mbili ilikuwa euro 116.20 bila gharama za posta. Ningezitupa kabatini ningedaiwa 332.

Hatua ya 3. Soma hati, uilinganishe na mkataba wa gari. Angalia namba ya gari, tarehe, saa na jina la mlango. Saa ndiyo muhimu kuliko vyote. Kama ulirudisha gari saa nne asubuhi na kosa ni la saa nane mchana, si lako, na karatasi ya kurudishia gari ndiyo shahidi wako. Ndiyo maana usiitupe karatasi hiyo kwa mwaka mzima na zaidi: kwa mtu anayeishi nje ya Italia, sheria yao inatoa siku 360 za kufikisha hati.

Angalia pia kama barua ni ya kweli. Hati halisi inataja mahali, dakika na namba ya gari. Ujumbe wa simu unaosema tu «una faini, bonyeza hapa» ufute.

Hatua ya 4. Chagua: kulipa au kupinga. Huwezi vyote viwili, kwani ukishalipa umekubali. Kupinga kwa Prefetto, mwakilishi wa serikali mkoani, ni bure na una siku 60, lakini ukishindwa unatozwa angalau mara mbili ya kiwango cha chini. Njia ya pili ni hakimu wa amani, ambako kuna ada ya kufungua shauri. Ushauri wangu: kama huna karatasi inayoonyesha wazi kwamba wamekosea, lipa. «Sikuliona bao» si utetezi, nimejaribu kumshawishi nao mke wangu tu na hata yeye amekataa.

Hatua ya 5. Lipa kwa njia iliyoandikwa kwenye hati. Kwenye sehemu ya maelezo weka namba ya hati na namba ya gari, la sivyo fedha itafika ikose mwenyewe. Fedha ya benki hutembea taratibu, kwa hiyo usingoje siku ya tano. Hati mbili, malipo mawili. Tunza risiti.

Maswali ya wanachama

*Kaka, mimi niko Dar na sina mpango wa kurudi Italia. Nikiacha?*
Hii ni faini ya kiutawala, si ya jinai, kwa hiyo usikose usingizi. Lakini deni lipo na linakua, na kwa kawaida linadumu miaka mitano. Euro 58 leo ni nafuu kuliko kulikumbuka siku utakapopata safari ya kikazi kwenda Milan.

*Na sisi tulio Ujerumani?*
Huku hakuna pa kujificha. Nchi za Umoja wa Ulaya zinatambuana faini za kuanzia euro 70, na mtekelezaji wa hapa ni ofisi ya serikali kuu iliyoko Bonn. Wenzetu wa Uingereza walitoka kwenye utaratibu huo walipotoka kwenye Umoja, ila kampuni ya gari bado ina namba ya kadi yao.

*Shikamoo mwalimu. Benki inaweza kunirudishia yale makato ya kampuni?*
Marahaba. Ukiwa umesaini mkataba wenye kipengele hicho, sitegemei. Jaribu tu kama wamekata zaidi ya kiasi kilichoandikwa, au zaidi ya idadi ya hati ulizopokea.

*Mimi niko Muscat, huwa nakodi gari Dubai. Ni hivyo hivyo?*
Huko hutasubiri barua, dada. Kampuni huiona faini mapema na kuikata kwenye kadi au dhamana yako. Cha kuangalia ni barabara ya Abu Dhabi: Dubai watu wamezoea kuachiwa kilomita 20 juu ya kikomo cha mwendo, lakini Abu Dhabi waliondoa nafasi hiyo Agosti 2018. Namba iliyo kwenye bao ndiyo hiyo hiyo ya kamera.

*Hoteli yangu iko ndani ya ZTL. Nifanyeje?*
Wapigie kabla hujafika, uwape namba ya gari, wao waiandikishe manispaa. Waombe wakuthibitishie kwa maandishi, na uulize uingilie mlango upi. Mimi safari ya pili niliacha gari nje ya mji, tukaingia kwa tramu. Mke wangu ndiye aliyesoma mabao.