Somo: Namna ya Kuwazoesha Vijana Kuvaa Vilinda Ugoko

Somo hili ni la walimu wa michezo na makocha wanaoandaa vijana wa mpira wa miguu kwa UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi), UMISSETA (ya sekondari) au ligi za mitaa.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kufundisha. Miaka ya 1950, wanasaikolojia wa Idara ya Afya ya Umma ya Marekani walichunguza kwa nini watu hawakujitokeza kupimwa kifua kikuu hata pale kipimo kilipotolewa bure. Walibaini kwamba mtu huchukua hatua anapoamini kuwa yeye mwenyewe yumo hatarini, kwamba madhara ni makubwa, kwamba kinga inafaa, na kwamba vikwazo vinavukika. Waulize wachezaji wako kuhusu mambo hayo manne, kila mmoja peke yake, kwa sababu mbele ya wenzake kijana husema kwamba haogopi chochote.

Hatua ya 2: Onyesha kazi ya kifaa. Mbele ya ugoko mfupa umefunikwa na ngozi tu, bila nyama. Gonga taratibu kwa kijiko ugoko mtupu, kisha uliovalishwa kilinda ugoko (shingadi), ili mchezaji ahisi mwenyewe jinsi nguvu inavyotawanyika. Sishauri kabisa picha za miguu iliyovunjika: kijana hushtuka siku hiyo, kisha hujiambia kwamba hayo huwapata wengine.

Hatua ya 3: Ondoa vikwazo. Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi, kwa kuwa mara nyingi kijana anajua hatari ila hana kifaa, au alichonacho kinambana, kinateleza na kumtia joto. Shule inunue seti za saizi mbalimbali, zioshwe kwa sabuni na kuanikwa kila baada ya mazoezi. Kipo pia kikwazo cha fasheni: vijana humwona mwanasoka wa Uingereza Jack Grealish na soksi zilizoshuka na vilinda vidogo, nao huiga. Nahodha wa timu akivaa vizuri, ataigwa kuliko kocha anayehubiri.

Hatua ya 4: Weka kanuni, kisha hesabu. Sheria ya 4 ya mpira wa miguu inavilazimisha vilinda ugoko vinavyofunikwa na soksi. Itumie hata mazoezini, na uhesabu wanaovaa siku ambayo hukuwatangazia.

Maswali ya walimu na makocha

*Mwalimu, tunaweza kutumia vipande vya boksi?*
Hapana. Boksi hulainika kwa jasho, na sheria inataka kifaa kinachokinga kwa kiwango cha kuridhisha.

*Saizi inayofaa naijuaje?*
Kifunike sehemu kubwa ya ugoko, kuanzia juu kidogo ya kifundo cha mguu hadi chini ya goti, bila kuzuia kimojawapo kukunjika.

*Je, kinazuia kuteguka kifundo?*
Hakizuii. Kwa hilo fanyeni mazoezi ya kupasha mwili ya FIFA 11+, ambayo huchukua takriban dakika 20 na yamethibitika kupunguza majeraha.