Kioo cha zamani: anza na kitako, jina lije mwisho

Jumamosi moja pale soko la Toi, Nairobi, niliokota bakuli dogo la zambarau lenye mawimbi meupe, limefukiwa chini ya rundo la vifuniko vya sufuria. Mama mwenye mali alitaka shilingi mia nne, tukamalizana kwa mia tatu. Nitalitumia bakuli hilo kukuonyesha ninavyofanya kila nikipata chombo cha kioo nisichokijua, kiwe kimetoka sokoni, mnadani, au kwenye nyumba ya Karen inayofungwa wenyewe wakihama.

Watu wengi wakinunua kioo hutafuta jina la mtengenezaji kwanza. Mimi nakuomba uliache jina mpaka mwisho. Jina mtu anaweza kulichonga leo asubuhi kwa kimashine cha mkononi. Namna chombo kilivyoundwa, hiyo haifichiki.

Vifaa ni vichache. Tafuta tochi ndogo ya mwanga wa zambarau, ile wenye maduka wanayomulikia noti bandia. Luthuli Avenue utaipata bila kuzunguka sana. Ongeza lenzi ya fundi saa inayokuza mara kumi, taulo nene, karatasi na penseli.

Hatua ya 1: Osha taratibu

Tandika taulo ndani ya beseni la plastiki, tia maji vuguvugu na sabuni kidogo. Maji ya moto hapana. Chombo kilicholala kwenye baridi ya Julai ukikimwagia maji ya moto kinaweza kupiga ufa mikononi mwako. Penye rangi ya dhahabu usisugue kabisa, hasa ukingoni.

Ukiona ukungu ndani, weka siki ikae usiku kucha. Ukitoka, ilikuwa chokaa ya maji tu. Usipotoka, maji ya maua yaliyokaa humo miaka na miaka yamekila kioo chenyewe, na hakuna sabuni itakayokirudisha.

Hatua ya 2: Ingiza kidole

Fumba macho. Kidole kimoja kiwe ndani, kingine nje, mahali palepale penye nakshi. Ikiwa nje pana mabonde na vilima na ndani ni laini tu, hicho ni kioo cha kugandamizwa: kioo kilichoyeyuka kilimiminwa ndani ya kalibu ya chuma, kisha chuma kingine kikashuka kukikandamiza. Ikiwa ndani nako kunafuata mabonde ya nje, kilipulizwa ndani ya kalibu. Ukikosa mshono wowote wa kalibu, huenda kilipulizwa bila kalibu. Usikate shauri bado, kwa sababu mafundi wazuri waliweza kuufuta mshono kwa moto.

Hapa tayari umepata tarehe. Ugandamizaji wa kioo kwa mashine ulishika kasi Marekani miaka ya 1820, kisha ukaenea Uingereza na kwingineko. Kwa hiyo anayekuuzia bakuli la kugandamizwa akisema ni la miaka ya 1700, mrudishie kwa adabu.

Bakuli langu la Toi ndani lilikuwa laini, nje lina nakshi ya kama kikapu, na mishono miwili myembamba ikipanda mpaka karibu na mdomo. La kugandamizwa.

Hatua ya 3: Geuza, usome kitako

Chombo kinachopulizwa hushikwa kwa bomba upande wa mdomo. Ili fundi autengeneze mdomo, hukibandika kitako kwenye fimbo ya chuma iitwayo pontili, halafu hukata upande wa bomba. Akimaliza, hukigonga fimbo iachie, na panabaki kovu. Kovu hilo linaweza kuwa kali la kukata kidole, au likawa limesagwa na kung'arishwa mpaka likawa kidimbwi cha mviringo, laini kama kijiko.

Wengi hukosea hapa: wakiona kovu wanasema "ya kale". Kovu linakwambia mkono wa mtu, halikwambii umri. Nenda Kitengela uwaone mafundi wanaopuliza kioo kutokana na chupa na vioo vya madirisha vilivyotupwa. Kazi yao ya wiki hii ina kovu la pontili. Murano ni hivyohivyo, na tanuri za Venice zilihamishiwa kisiwa hicho tangu mwaka 1291.

Hatua ya 4: Mikwaruzo

Hatua hii ndiyo ninayoiamini kuliko zote, kwa hiyo usiiharakishe. Simama dirishani, shika lenzi karibu kabisa na jicho, kisha usogeze kitako taratibu mpaka kionekane wazi. Chombo kilichosogezwa mezani miaka mia moja kina mikwaruzo midogo isiyo na mpango: mirefu kwa mifupi, mingine inakatana, mingine imeishia njiani. Nayo iko pale tu kitako kinapogusa meza. Katikati, palipobonyea, pasiwe na kitu.

Mtu akizeesha kioo kwa msasa, mistari hulala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo, au huzunguka kwa mpangilio, na mara nyingi huingia hata mahali ambapo meza haifiki. Kitako kisicho na mkwaruzo hata mmoja nacho kina la kusema. Pengine chombo kilikaa kabatini maisha yake yote, lakini taka ushahidi mwingine.

Nililipia somo hili. Mnadani niliuziwa chombo cha maua chenye jina Gallé, shilingi elfu kumi na nane. Émile Gallé wa mji wa Nancy, Ufaransa, alijulikana kwa kioo cha tabaka za rangi, ambapo tabaka la juu huliwa kwa asidi mpaka picha ya maua ibaki imeinuka. Alifariki mwaka 1904, na vyombo vya kipindi kifupi baada ya kifo chake huwa na nyota kando ya jina. Changu hakikuwa na nyota. Kando ya jina palikuwa na doa laini kupita pale pengine, upana wa ukucha wa kidole kidogo. Baadaye ndipo nikajifunza kwamba vyombo vipya vya mtindo huo kutoka Romania huandikwa "TIP" karibu na jina, neno linalomaanisha "aina ya", na kuna watu wanaolisaga litoweke. Kitako cha chombo changu kilikuwa safi kama sahani ya dukani. Ningekigeuza kwanza, fedha zangu ningerudi nazo nyumbani.

Hatua ya 5: Mwanga na sauti

Subiri usiku au ingia chumba chenye giza, umulike kwa ile tochi. Kioo chenye madini ya urani huwaka kijani kikali, na ukikiona mara moja hutakisahau. Urani ilianza kutiwa kwenye kioo cha mapambo huko Bohemia miaka ya 1830. Ila kuna wanaokitengeneza hata leo, kwa hiyo mwanga peke yake si cheti. Kijani hafifu, cha kufifia, mara nyingi ni madini ya manganizi.

Kisha gonga ukingo polepole kwa ukucha, chombo kikiwa kimesimama kwenye kiganja. Kioo chenye madini ya risasi hulia kama kengele na sauti hukaa. Cha kawaida hujibu "tk" kikanyamaza. Kioo cha risasi kilipata hataza Uingereza mwaka 1674 kwa George Ravenscroft. Chupa ya zamani ya namna hiyo iweke kwa pambo. Usihifadhi kinywaji ndani yake, kwa maana risasi huingia kwenye kinywaji.

Hatua ya 6: Sasa tafuta alama

Mulika kwa mshazari, ndani na nje, maana alama za kugandamizwa mara nyingi ni ndogo kuliko punje ya mchele. Ndani ya bakuli langu nilipapasa uvimbe, nikauona kwa lenzi: kichwa cha tausi. Hiyo ni alama ya kiwanda cha Sowerby cha Gateshead, Uingereza. Simba anayechomoza juu ya mnara ni Davidson, wa Gateshead pia. Simba aliyeshika nyota au shoka ni Greener wa Sunderland.

Kando ya tausi palikuwa na umbo la almasi. Waingereza walitumia almasi hiyo kusajili michoro kuanzia 1842 hadi 1883. Juu kabisa pana namba ya kundi, na kioo ni III. Herufi ya mwaka hukaa pembe ya juu hadi 1867, kisha kuanzia 1868 ikahamia pembe ya kulia. Yangu kulia ilikuwa P, yaani 1877. Kuanzia 1884 almasi iliachwa, zikaja namba zinazotanguliwa na "Rd", yaani "imesajiliwa". Zilianza na 1, na kufika 1900 zilikuwa zimepita 351,000. Kumbuka hiyo ni tarehe ya mchoro. Kalibu iliweza kutumika miaka mingi baadaye.

Majina ya nchi nayo husaidia. "Czechoslovakia" haiwezi kutangulia 1918. "West Germany" ni baina ya 1949 na 1990. "Occupied Japan" ni 1945 hadi 1952. Kwa vyombo vya René Lalique, fundi wa kioo wa Ufaransa, "R. Lalique" ni ya kabla ya kifo chake mwaka 1945, baada yake R iliondolewa, ingawa waghushi wanapenda kuirudisha.

Hatua ya 7: Andika ulichokiona

Andika kwa penseli, tena tenganisha ulichokiona na unachokidhani. Karatasi iliyo chini ya bakuli langu inasema hivi: "Kugandamizwa. Mishono 2. Mikwaruzo ya kweli ukingoni mwa kitako. Haliwaki. Tausi: Sowerby. Almasi III, P kulia: mchoro wa 1877. Si kabla ya hapo. Toi, 300/-."