Kabla Hujatuma Pesa ya Nyumba Malindi, Mtu Apande Darini

Wengi wetu huku nje tumezoea mkaguzi wa nyumba anayekuja na ngazi yake. Hapa Marekani, asipopata njia ya kuingia darini hatoboi wala hahamishi masanduku ya mwenye nyumba. Huandika tu kwamba hapakufikika. Sentensi hiyo ni fupi, lakini maana yake ni kwamba paa unalinunua bila kuonwa.

Ukinunua Malindi, hata sentensi hiyo huipati. Binamu hutumwa, anapiga video ya sebule, ya baraza na ya mnazi uani, kisha anasema, "Nyumba safi, wahi." Darini hajapanda mtu.

Kwa hiyo, kabla ya siku ya kwenda, patana na muuzaji kwa maandishi, hata WhatsApp yatosha: tundu la dari lifunguliwe, kabati lililo chini yake lisogezwe, ngazi iwepo. Tundu huwa ushorobani au chooni, kipande cha bodi kilichopakwa rangi ileile ya dari, na mgeni hulipita bila kuliona. Kama halipo kabisa, omba likatwe, na mkubaliane mapema nani ataziba. Dari ya jipsam huzibika bila taabu. Muuzaji akikataa hata ukimlipia fundi, mimi ningetafuta nyumba nyingine.

Mtume seremala, si jamaa peke yake. Apande asubuhi, maana adhuhuri chini ya bati ni tanuri. Akanyage mbao, asikanyage bodi. Avae barakoa, kwani popo wa pwani hupenda dari na kinyesi chao kikavu hakifai kuvutwa. Akishafika juu, azime tochi kwanza: vinukta vya mwanga ni matundu ya bati. Kisha aiwashe na kufuata vijia vya udongo vinavyopanda ukutani hadi kwenye mbao. Hao ni mchwa. Achome mbao kwa bisibisi, hasa pale zinapokalia ukuta. Ikizama kama haina kitu, ubao umeliwa ndani na kubaki ganda. Misumari nayo atazame vichwa, kwa kuwa chumvi ya bahari huvila taratibu na bati likalegea. Waya za umeme azirekodi bila kuzigusa.

Lamu ni habari nyingine. Nyumba ya kale ya mawe haina dari ya kuingia: boriti za mikoko ziko wazi juu ya kichwa chako, zimebeba mawe na chokaa. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba, upana wa mita tatu hivi. Hapo tazama ncha za boriti zinapoingia ukutani, kwani unyevu huanzia huko. Panda na juu ya sakafu ya paa uone maji yanatokea wapi, na kama kuna mtu aliyepaka saruji juu ya chokaa, jambo linalofungia unyevu ndani. Usikubali fundi abomoe chochote kwa ajili ya kuchungulia. Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na mabadiliko huulizwa kwanza Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Fundi mlipe wewe mwenyewe kwa M-Pesa, isipitie kwa dalali, na video akutumie wewe kabla hajamwonyesha mtu mwingine.