Namna ya kumhoji mzee kuhusu enzi za Mwalimu Nyerere

Ifikapo Oktoba 14 redio hupiga hotuba za Mwalimu Nyerere kutwa nzima, na siku hizo ukimuuliza mzee yeyote habari zake atakujibu kwa maneno ya redioni: alileta uhuru, alituunganisha, hakuwa na tamaa ya mali. Si uongo. Ila hayo ungeyapata bila kumsumbua mzee wa watu. Mimi nafundisha historia sekondari huku Dodoma, vijijini, na kazi ya likizo ninayowapa vijana wa kidato cha tatu ni kuwahoji babu na bibi zao kuhusu miaka ya Mwalimu. Nataka warudi na kile ambacho redio haina. Haya ndiyo maelekezo ninayowapa, na mtu mzima naye yatamfaa.

La kwanza huwashangaza: usianze na Mwalimu. Ukifungua kwa "Babu, Nyerere alikuwa kiongozi wa namna gani?" umemwomba hotuba, na hotuba utapewa. Anza na nyumba. "Babu, wakati wa uhuru mlikuwa mnakaa wapi? Tembe lenu lilielekea wapi? Zizi lilikuwa upande gani?" Mtu akishaikumbuka nyumba huwakumbuka na waliokuwamo, walichokula, na siku walipoihama. Mwalimu ataingia mwenyewe kwenye maongezi, na ukikaa kimya ataingia mapema kuliko unavyodhani.

Kabla ya kwenda, jisomee. Si heshima kumuuliza mzee mambo yaliyomo kitabuni. Ujue kwamba Mwalimu alizaliwa Butiama Aprili 13, 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na Mgaya wa Nyang'ombe. Kwamba alisoma Mwisenge, Tabora, Makerere na Edinburgh. Kwamba alikuwa mwalimu Pugu chama cha TANU, kilichodai uhuru, kilipoundwa Julai 7, 1954, na mwaka uliofuata akaacha chaki ili ashike siasa moja kwa moja. Alikuwa Waziri Mkuu tulipopata uhuru Desemba 9, 1961, akajiuzulu baada ya wiki chache kwenda kukijenga chama, akarudi akiwa Rais wa Jamhuri Desemba 1962, akaongoza hadi Novemba 1985. Alifia London Oktoba 14, 1999, akazikwa kwao Butiama. Yakishakaa kichwani hayo, yaache huko huko kichwani. Kwa mzee unahitaji kalenda ya namna nyingine.

Mzee hatakupa mwaka. Atakwambia "alipozaliwa shangazi yako" au "njaa ile". Usimbane. Chora mstari kwenye daftari, uweke juu yake matukio ambayo kila mtu wa umri wake aliyasikia, kisha muulize kama jambo analolisimulia lilikuwa kabla au baada. Matukio yanayofanya kazi vizuri ni haya: Azimio la Arusha lililotangaza siasa ya ujamaa na kujitegemea, Februari 1967, ukame na njaa ya 1973 hadi 1975, pamoja na mahindi ya manjano yaliyotoka nje ambayo watu waliyaita yanga, TANU na chama cha Afro-Shirazi cha Zanzibar kuungana kuwa CCM, Februari 1977, vita vya Kagera, kuanzia Oktoba 1978 hadi majeshi yetu kuingia Kampala Aprili 1979, msako wa wahujumu uchumi, yaani walanguzi na waficha bidhaa, 1983, na kifo cha Sokoine, Aprili 12, 1984. Hili la mwisho kwetu ni alama ya uhakika, maana waziri mkuu huyo alitokea hapa Dodoma siku hiyo, akapata ajali Dakawa, na wazee wengi wanakumbuka walikuwa wakifanya nini redio ilipobadilika. Kwa Zanzibar ungetumia alama nyingine, Mapinduzi ya Januari 12, 1964 na kuuawa kwa Rais wake Karume Aprili 7, 1972, na ukubali kwamba huko jina litakalotajwa kwanza huenda lisiwe la Nyerere.

Kuna kitu kimoja kinachosaidia kuliko maswali yote: kitu cha kushika. Muulize kama amebakiza kadi ya TANU, cheti cha kisomo cha watu wazima, au sarafu za zamani. Ile senti hamsini yenye sungura upande mmoja na kichwa cha Mwalimu upande wa pili huwalegeza wengi. Nimewahi kukaa na bibi mmoja aliyekuwa akijibu "sijui, sikumbuki" kila ninapouliza. Mjukuu akamletea sarafu hiyo, aliyoikuta kwenye kopo la vifungo. Aliishika, akaigeuza kwa ukucha, akaanza kutaja bei: sukari, kipande cha kaniki, nauli ya lori la kwenda mjini. Kutoka kwenye bei akaingia duka la ushirika, kutoka duka akaingia foleni, akaeleza jinsi walivyokuwa wanaweka mawe kwenye mstari usiku ili kila jiwe limshikie mtu nafasi, na jinsi ugomvi ulivyozuka mtoto mmoja alipoyapanga upya kwa mchezo. Alisema walifulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Jina la Nyerere hakulitaja, ila nilipofika nyumbani nilikuwa nimeelewa ile miezi 18 ya kufunga mkanda, ambayo Mwalimu aliiomba baada ya vita, kuliko nilivyowahi kuielewa darasani.

Sasa tuje kwenye vijiji vya ujamaa, ambako watu waliokuwa wakiishi kwa kutawanyika walihamishiwa, maana huku kwetu ndipo habari yote ilipo, na ndipo vijana hukosea zaidi.

Mzee atasema, "Nyerere alituhamisha." Usiandike hivyo ukaridhika. Kwa wazee wa enzi hizo kila aliyevaa sare au kushika karatasi alikuwa "Nyerere": balozi wa nyumba kumi, katibu kata, bwana shamba, mgambo, mkuu wa wilaya. Kazi yako ni kupanda ngazi moja moja. Uliza: "Siku hiyo nani alikuja mlangoni? Alitokea wapi? Alikuwa na nini mkononi? Alisema nini? Mlipewa siku ngapi? Gari lilikuja, au mlibeba wenyewe?" Ukipata majibu ya maswali hayo utaona kama mzee anazungumzia Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 70, ambapo Mwalimu mwenyewe alikaa Chamwino akifyatua matofali na wanakijiji, au anazungumzia ile amri ya Novemba 1973 kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mwananchi wa vijijini awe anaishi kwenye kijiji. Kati ya hizo mbili kuna tofauti kubwa. Kuna waliohamia kabla ya amri kwa sababu walihitaji maji na shule. Kuna waliohamishwa msimu wa kulima, paa likabomolewa wakiwa wanaangalia. Na kuna waliowahi kuwa yote mawili ndani ya ukoo mmoja, kaka huku, mdogo kule.

Ukijua ni nani aliyekuja mlangoni, swali la Mwalimu linapata uzito wake. Je, aliyoyafanya mgambo yaliagizwa kutoka juu, au ni mkuu wa wilaya aliyetaka kuonekana amemaliza mapema kuliko mwenzake? Mzee hawezi kukujibu yote. Lakini yeye ndiye aliyeuona mwisho wa ngazi, na waliokaa juu yake ndio walioandika ripoti.

Hapo ndipo ninapowaambia vijana: kama mzee ana nguvu, mwombe akupeleke kwenye matongo. Mahali walipohama bado pako. Mvua imeyeyusha kuta za tembe zimekuwa vichuguu virefu, minyaa iliyokuwa uzio imekuwa miti, na jiwe la kusagia ambalo halikubebwa kwa uzito wake mara nyingi liko palepale. Mtu aliyekuwa anasema "tulihamishwa, basi" akifika hapo anaanza kuonyesha kwa fimbo: hapa mama alikuwa anaanika ulezi, pale tulimzika mdogo wangu. Kaburi hilo usilipite haraka. Wengi kilichowauma zaidi ya nyumba ni kuyaacha makaburi, na hili katika vitabu vya kidato cha tatu halimo hata mstari mmoja. Hesabu hatua kutoka matongo hadi kijijini, au tumia simu ikupimie umbali, maana kutoka hapo utaelewa kwa nini mashamba ya zamani yaliachwa na kwa nini mavuno yalipungua kabla hata ya kuulaumu ukame.

Wanawake wahoji peke yao. Si kwa ubaya, ila bibi akikaa na babu, babu ndiye atakayejibu. Muulize bibi habari za maji, kuni, kujifungua, kisomo. Kijiji kilimsogeza karibu na bomba na zahanati, kikamweka mbali na shamba na kuni. Mume wake anaweza kuwa anaulaani uhamisho huo huku yeye anausifu, na wote wawili wana haki. Muulize pia kama aliwahi kuhudhuria darasa la watu wazima au kusikiliza redio kwa kikundi wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973. Nimeona mabibi wakiandika majina yao mbele yangu bila kuombwa.

Kwa wa mjini maswali hubadilika. Mwenye nyumba ya kupangisha ataikumbuka Aprili 1971, nyumba za thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zilipochukuliwa na serikali. Mfanyabiashara ataikumbuka 1983. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu wa 1966 atakueleza jinsi Mwalimu alivyowarudisha nyumbani walipogomea utaratibu wa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na siku hiyo hiyo akapunguza mshahara wake mwenyewe.

Kuna wazee wanaoogopa kusema baya. Wengine kwa mazoea ya zamani, wakati ambapo sheria ya mwaka 1962 iliruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila kesi. Wengine kwa imani, hasa Wakatoliki, kwa kuwa Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu na mchakato wa kumtangaza mwenye heri uko njiani. Usiwasukume. Unaweza kuwaambia jambo moja la kweli: Mwalimu mwenyewe, miaka kumi baada ya Azimio, aliandika kwamba nchi haikuwa imefika kwenye ujamaa wala kujitegemea, na baadaye akakiri kuwa kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Mzee akisikia kwamba mwenye nyumba alishayasema, naye hufunguka. Na kwa yule ambaye kila neno lake ni lawama, geuza: muulize alisoma wapi, nani alilipia, na mwalimu wake alitoka mkoa gani. Mara nyingi utakuta mtu wa Kagera alimfundisha Mgogo kusoma kwa Kiswahili, na hakuna aliyeona ajabu.

Mambo ya mikono ni machache. Salimu ipasavyo: "shikamoo", na kwa Wagogo "mbukwenyi" ifuate. Nenda asubuhi baada ya chai, wala usiende mikono mitupu. Kilo ya sukari inatosha, lakini ikabidhi kwa wenye nyumba kimyakimya, isionekane kama malipo ya maneno. Omba ruhusa ya kurekodi kabla ya kutoa simu. Iweke kwenye hali ya ndege, uilaze juu ya kanga iliyokunjwa, mbali na meza inayogongwa na mbali na jogoo. Taja mwanzoni tarehe, kijiji, na nani yupo. Mzee akihamia Kigogo mwache. Mjukuu atatafsiri baadaye, sauti ya asili ibaki. Akinyamaza, nyamaza naye. Vijana wangu hili ndilo linalowashinda: wanaogopa ukimya, wanachomeka swali, na kile kilichokuwa kinakuja kinarudi chini.

Ukiandika, tenganisha aliyoyaona na aliyoyasikia. "Nilimwona Mwalimu uwanjani" na "walisema Mwalimu alilia" visikae kwenye sentensi moja. Kisha pima na karatasi: magazeti ya Uhuru na Ngurumo, jarida la Nchi Yetu, mafaili ya Nyaraka za Taifa ukibahatika kufika. Tarehe zikipishana, weka zote mbili na useme ipi imetoka wapi. Usimrekebishe mzee ndani ya maneno yake.

Nakala ya sauti ipeleke kwa familia kabla hujampa mtu mwingine, maana mara nyingi hiyo ndiyo sauti pekee ya babu watakayobaki nayo. Na kama mzee amemtaja kwa jina mgambo aliyewasha kiberiti kwenye paa, jina hilo libaki kwenye sauti iliyofungiwa. Kwenye maandishi yako weka "mgambo mmoja", kwa kuwa wajukuu wa huyo mgambo na wajukuu wa mzee wako wamo darasa moja, na Jumatatu nitawakuta wamekaa dawati moja.